Shangazi Aliyewekwa Rehani

Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimepata wazo. Mke wangu Edvina amesikia sauti yangu tu, akaacha kumenya ndizi.

Nimeona kwenye simu. Katika miji mikubwa baiskeli zimepangwa barabarani, mtu yeyote anachukua, anaendesha, anaiacha huko aendako. Hakuna anayeuliza ni ya nani. Bukoba ni mji mkubwa, umekosa baiskeli tu. Hapa Rwamishenye ninazo tatu: yangu, ya katekista aliyeniazima juzi, na ya shemeji Rutaihwa wa Muleba, aliyeiacha kwetu mpaka Jumamosi. Nimezipaka zote rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango wa choo. Sasa ni za umma.

Wenzetu huko wanatumia kadi. Mimi nimetunga sheria, nikaibandika ukutani: REHANI HUKAA NA MWENYE BAISKELI MPAKA BAISKELI IRUDI.

Edvina amesema baiskeli ya kaka yake isipoonekana Jumamosi, ataondoka naye kwenda Muleba. Amesema bila hasira, anamenya tu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumanne, 5 Machi

Uzinduzi. Anwari, fundi wa pancha wa ng'ambo ya barabara, ameuliza kama huu ni mnada. Wivu.

Mteja wa kwanza aliacha kuku. Alirudi haraka, lakini kuku alikuwa ameshataga. Nikamweleza kuwa yai ni faida ya kituo. Hakuelewa. Tulivutana mpaka yai likaanguka.

Kisha akaja Byabato wa Kanazi, katoka hospitali na shangazi yake, Felicitas, mama mnene mwenye miwani mipya. Akachagua baiskeli nzuri kuliko zote, yaani ya Rutaihwa. Hakuwa na rehani. Shangazi akakaa kwenye benchi langu, akasema miguu inamuuma, aachwe yeye. Nikampima kwa macho. Nani atamsahau shangazi wa namna hii? Nikakubali.

Ndipo Edvina akatoka ndani na kisahani cha kahawa ya kutafuna, akampa kwa mikono miwili. Nimekwisha. Rehani haipewi kahawa! Akishatafuna kahawa yako ni mgeni, na mgeni hafukuzwi.

Jumatano, 6 Machi

Byabato hajarudi. Shangazi amelala kitandani kwetu, mimi jikoni. Asubuhi ameuliza kama hapa watu hawanywi chai.

Amezunguka shambani, akamwonyesha Edvina migomba yenye ugonjwa na kumfundisha cha kufanya. Wanacheka pamoja. Mimi sijachekewa hivyo tangu harusi.

Niliporudi kituoni, baiskeli mbili zilizobaki hazipo. Shangazi amezitoa. Nikauliza rehani iko wapi. Akasema wa kwanza anaufahamu ukoo wake, na wa pili alikuwa na sura ya mtu mwenye haraka. Nikapandisha sauti kidogo. Akaniuliza, waitu, ndugu yetu, kwenu mgeni hupigiwa kelele? Edvina akanitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda Kanazi kwa miguu. Byabato nimemkuta amepakia mikungu kwenye baiskeli ya Rutaihwa, anaimba. Akanipokea vizuri mno. Akasema hajakataa kurudisha, nimpeleke shangazi tu, naye atanipa baiskeli papo hapo. Halafu akashusha sauti. Akaniomba nisiharakishe. Tangu Krismasi anatafuta mtu wa kumpokea.

Akaniongezea mkungu wa ndizi. Nimeupokea. Nimeubeba kichwani mpaka Rwamishenye, na njiani nikatambua nimelipwa ili nisidai.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia shangazi kwa heshima kwamba leo namrudisha kwao. Akavaa miwani, akanisomea ukuta. Rehani hukaa na mwenye baiskeli mpaka baiskeli irudi. Baiskeli iko wapi? Nikasema baiskeli haitarudi mpaka yeye aende. Akasema hilo ni tatizo la aliyetunga sheria.

Anwari kacheka mpaka kaitoboa tyubu aliyokuwa anaiziba. Ndilo jambo pekee jema la leo.

Jumamosi, 9 Machi

Rutaihwa kafika mapema. Nilimweleza kuwa baiskeli yake inahudumia umma. Akaanza kuvua koti.

Shangazi akamtuliza. Akauliza, kumbe mwenye baiskeli ni huyu? Siku zote nilimwachia aamini ni mimi. Akasimama, akajikung'uta, akasema basi amekaa nyumba isiyo yake. Rehani inakwenda na mwenye baiskeli. Rutaihwa akasoma ukuta mara mbili, akalirudisha koti mabegani.

Na Edvina akatoka na begi. Akasema mama mzima hawezi kusafirishwa peke yake na mwanamume asiyemjua. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema baiskeli ikirudi. Kisha, taratibu, ili kaka yake asisikie, akasema hajakasirika. Amechoka tu kuwa mke wa mawazo yangu.

Wakapanda gari la Muleba. Nilibaki barabarani. Nimeumia, sitaficha. Nyumba imekuwa kubwa, na ndizi za Byabato sijui hata kuzimenya.

Jumapili, 10 Machi

Miujiza! Sikwenda misa, namkwepa katekista, kumbe baraka zimenifuata nyumbani. Byabato kaja na baiskeli. Amekonda. Kasema bila shangazi nyumba nzima haijui ianzie wapi asubuhi. Nikamwelekeza Muleba, akaondoka mbio.

Nikajaza upepo. Nikavaa shati ambalo Edvina hulipenda. Leo leo namrudisha mke wangu.

Nilikuwa nimeshakanyaga pedeli Kashaija wa Ijuganyondo aliponisimamisha. Akasema anarudi kanisani mara moja tu, mjomba aliyekuwa naye kasahau fimbo huko. Nikamwambia haiwezekani, nina safari. Akasema amesikia mjini kote juu ya baiskeli zangu za umma. Mjini kote!

Ni dakika chache tu. Muleba haihami.

Mjomba amekaa benchini. Mzee mpole, anatazama barabara. Nimemwonea huruma, nimempa kahawa atafune.