Asiguse Mtu Hata Tofali

Tegeta, 9 Agosti 2025

Kwako Gibson, mume wangu,

Juzi mheshimiwa alikuja kuhutubia palepale ghorofa lilipokuangukia. Nimekuandikia yote aliyosema:

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, waheshimiwa wajumbe, viongozi wetu wa dini, mama Zubeda wa maandazi, wageni waalikwa na mliojileta, itifaki imezingatiwa! (Makofi.) Nasimama kwa unyenyekevu, mimi niliyehudhuria semina kumi na nne za usalama wa majengo, kuwakumbusha kwamba jengo likianguka, mmiliki anatakiwa kukabidhi ramani na vibali na kuwafungulia wachunguzi, mpangaji anatakiwa kueleza alichokiona bila kuficha, na wote kwa pamoja, nasisitiza, hawaruhusiwi kusogeza hata tofali moja mpaka tume imalize, kwa sababu kifusi ni ushahidi, na ushahidi ni prosesi, na prosesi ni strateji! (Vigelegele.)

Nampongeza pia mwenyekiti kwa maandalizi. Naambiwa juzi hapa palikuwa kifusi kitupu. Katapila likapita, leo pana turubai, zulia na viti mia mbili, na kifusi kimeziba mashimo ya barabara, gari langu halikuyumba! Utekelezaji asilimia mia na tatu! (Minong'ono.)

Yule mama, umebeba nini kwenye kanga?

("Shikamoo mheshimiwa. Kipande cha nguzo. Nilikiokota kabla ya katapila. Ukikibonyeza kinamwaga mchanga. Marehemu mume wangu alikuwa akifunika chai yake kwa kisosi, mchanga ukidondoka. Mwenye nyumba akatwambia tusogeze meza.")

Mama! Umehamisha ushahidi! Ni kosa! Kabidhi kwa tume mara moja!

(Tabu fundi viatu: "Mzee baba, hiyo tume iko wapi?" Kicheko.)

Swali zuri. Ushahidi! (Ulindwe!) Kifusi! (Kisiguswe!) Namalizia kwa kuwashukuru wajumbe wote saba wa tume, ambao watateuliwa bajeti ikiruhusu, kwa ripoti yao nzuri, ambayo jalada lake hili hapa limeshachapishwa kwa rangi. Uchaguzi ukifika, mnikumbuke. Asanteni sana!

Basi, Gibson, nikarudi nacho. Nimekiweka kwenye kisosi chako, mchanga usipotee hata punje. Siku wakija kuuliza kweli, nitawaeleza habari za chai.

Na mimi unikumbuke.

Bupe