Mandhari ya Bahari na Jiko la Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Kamati ya mtaa imepita. Kila kaya ichangie ukuta wa mawe ufukweni, eti bahari inakula ardhi. Kila kaya! Nyumba yangu ya wageni iko safu ya pili. Mbele yangu kuna nyumba ya Shangazi, yaani shangazi wa mke wangu, mkunga mstaafu. Nimejenga ghorofa kwa jasho langu, nikaweka madirisha makubwa, na mgeni akifungua pazia anaona nini? Jiko la Shangazi na shuka zake kambani. Bahari ikilichukua jiko hilo, kwa hiari yake, bila mtu kuisukuma, mimi ndiye nitakuwa ufukweni. Halafu nichangie kuizuia? Nimemweleza mke wangu kwa upole. Akaniuliza kama nina homa.

Jumanne, 5 Machi

Nimezunguka mtaa mzima nikiwaambia watu wakatae. Muuza mkaa alikubali kabla sijamaliza sentensi. Kinyozi akasema hakuchangia hata harusi ya mdogo wake, sembuse mawe. Watu wana akili wakielekezwa.

Jumatano, 6 Machi

Mtaalamu wa kamati amechomeka vigingi vyekundu ufukweni. Hupima kutoka kigingi hadi ukingo wa ardhi, aone bahari imekula kiasi gani. Asubuhi nikang'oa kile cha mbele ya nyumba ya Shangazi, nikakirudisha nyuma kidogo, upande wa nchi kavu. Ardhi ikawa imeongezeka. Mimi sikusema uongo. Kigingi ndicho kilichosema.

Mchana akapima, akapima tena, akavua kofia. Nilikuwa karibu, nikitazama maji kama mtu asiye na shughuli. Badala ya kutangaza kwamba tuko salama, akamwambia mwenyekiti kwamba ardhi haiongezeki hivihivi. Huenda inateleza kuelekea baharini, na hilo ni baya zaidi. Huyu bwana amesoma mpaka akapitiliza.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yalijaa alfajiri na jiko la Shangazi limekwenda. Nilisikia kishindo, nikakimbilia dirishani. Bahari yote hiyo hapo. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipomwona Shangazi amesimama uani, sufuria moja mkononi. Nikashuka ngazi.

Chini nikamkuta mke wangu ameshabeba godoro. Hakuniuliza. Shangazi kapewa chumba cha ghorofani, kile cha mbele, kile ambacho tangazo lake nilishaanza kuliandika! Kitanda chake nimekipandisha mwenyewe, mgongoni. Akafungua pazia, akakaa.

“Mkwe wangu, kumbe kwako kuna mandhari. Ni jiko langu tu lililokuwa linakuzibia.”

Nikamwambia asijali.

“Sijali,” akasema. “Nitakaa mpaka ukuta uishe.”

Jumamosi, 9 Machi

Mkutano. Nilisimama wa kwanza. Nikasema ukuta ujengwe, tena haraka, na kwamba mtaa usiomjali mkunga wake hauna utu, maana nusu ya ukumbi ule aliupokea yeye kwa mikono yake. Sauti ilinikatika pale nilipopanga, na mahali pengine ambapo sikupanga. Kinyozi akauliza kama si mimi niliyemwambia Jumanne akatae. Muuza mkaa akasema hotuba ya kwanza ndiyo iliyomgusa. Watu wazima, hawajui kubadili mawazo.

Hata hivyo mikono ilianza kuinuka, kwa sababu Shangazi alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Ndipo mtaalamu aliposimama. Hawezi kuweka mawe juu ya ardhi inayoteleza, akasema. Kigingi kimetembea, kwa hiyo lazima apime upya mpaka mvua zipite. Kura ikaahirishwa. Nikafungua mdomo. Mke wangu akanitazama. Nikaufunga.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi amehamishia kiti changu cha sebuleni dirishani kwake. Walikuja wageni kuuliza chumba kinachotazama bahari. Akawakaribisha chai humo humo, wakazungumza vizuri, wakaaga, wakaenda kulala kwingine.

Kosa lote ni la mtaalamu, mtu anayeamini kijiti kuliko macho yake. Nimempigia simu nikamkaribisha alale kwetu bure muda wote wa upimaji. Ameshukuru sana. Kumbe hana hata mtu wa kumshikia ncha ya utepe wa kupimia. Nimejitolea. Mtu mwenye nia njema akishika ncha ya utepe anaweza kuharakisha mengi.