Banda la Gari la Norris

Halmashauri ya mji wa Skelby inachukua chupa za plastiki tu. Vikopo vya mtindi haichukui, makopo ya siagi haichukui, trei za nyama haichukui. Ndiyo maana Norris Ackroyd hakuwa na pa kuweka gari lake.

Mkewe, Edna, hatupi plastiki kwenye pipa jeusi la takataka. Pipa jeusi linakwenda kufukiwa shimoni, na Edna anasema hazikwi mtu ambaye hajafa. Wakati fulani wa kampeni Diwani Plumbley alisimama mlangoni kwake na tai mpya, akamwambia, "Vitunze tu, mama. Kuanzia Aprili tutavichukua." Aprili ya mwaka gani hakusema. Edna akavitunza. Akaviosha, akavikausha, akavipanga kwenye banda la gari mpaka gari lenyewe likatolewa nje, likafunikwa turubai, kutu ikaanza kulitafuna.

Gari hilo Norris alilinunua bovu alipostaafu udereva wa basi, akalifufua kwa mikono yake. Mjukuu wake Imogen alikuwa anaolewa Juni, na Norris alishamwahidi kumpeleka kanisani kwa gari hilo. Ilibaki rangi tu. Lakini rangi haipigwi kwenye mvua, na mvua ya Skelby huanza Septemba na kuisha Agosti.

Basi asubuhi moja ya Mei aliingia kwa Beryl amekunja uso. Kwa Beryl ni mkahawa mdogo kando ya soko, na meza ya dirishani ina wenyewe. Yupo Clifford, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuishinda faini ya maegesho na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Yupo Harbhajan, anayeitwa Chuma, aliyefanya kazi kwenye tanuru la chuma mpaka lilipofungwa, na bado anaongea kwa kupayuka kana kwamba mashine zinanguruma. Norris mwenyewe ni Breki, kwa jinsi alivyokuwa akisimamisha basi. Wako watu Skelby wana meno ya bandia kwa sababu yake.

"Breki, kaa kabisa, hii usiisikie umesimama," alisema Wakili akikung'uta gazeti. "Halmashauri yetu imepata tuzo."

"Tuzo ya nini? Ya mashimo barabarani?"

"Ya kurejeleza plastiki. Nyota ya dhahabu! Mcheki Plumbley alivyolikumbatia kombe, utadhani katoka leba."

Chuma alipiga meza, vijiko vikaruka. "Plastiki gani wanayorejeleza hao? Juzi nimeweka kopo la aiskrimu kwenye pipa la buluu, lile la chupa. Jamaa wa lori kalitoa, kaliweka juu ya ukuta wangu, kakibandika kikaratasi: 'Hili hapana.' Mtaa mzima umesoma!"

"Ulikuwa umeliosha?" Beryl aliuliza kutoka kaunta.

"Nimeliosha kuliko ninavyojiosha mwenyewe!"

"Hilo si la kujisifia, mpenzi." Beryl humwita kila mtu mpenzi, hasa akiwa anamtukana.

"Tulieni nisome," Wakili alisema. "Plumbley anasema hapa: 'Tumefanikiwa kukusanya asilimia mia moja ya chupa tulizozikusanya.'"

"Rudia."

Akarudia.

"Huyo kasoma," alisema Chuma kwa heshima. "Mimi nisingeweza kulisema hilo bila kucheka."

Norris alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. "Haddle, hapo ng'ambo ya mto, wanachukua kila kitu. Vikopo, trei, mpaka vifuniko. Unaweka nje usiku, asubuhi hamna."

"Haddle usiitaje humu ndani," Beryl alionya. "Nina wateja wenye presha."

"Naitaja! Mimi nina banda lenye vikopo vya mtindi mpaka darini. Jana nimefungua mlango kutafuta msasa, vimenimwagikia, nimezama mpaka kiunoni. Nimempigia kelele Edna anivute. Unajua kaniambia nini? 'Usivikanyage, nimeshaviosha.'"

Meza nzima ilicheka. Chuma alifuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Chekeni. Harusi Juni. Gari lina upele kama mbwa wa mtaani. Nisipopata banda wiki hii, nitamwambia nini yule mtoto?"

"Mwambie babu yake kashindwa na mtindi," Wakili akasema. Halafu, alipoona Norris hacheki, akajikohoza. "Sikiliza, kaka, utaratibu upo. Kila mwananchi anapewa dakika tatu kuuliza swali kwenye kikao cha madiwani."

"Nilikwenda mwaka jana. Dakika mbili nikitafuta kitufe cha kipaza sauti. Ya tatu Plumbley akaitumia kunishukuru."

"Alijibu lakini?"

"Alisema swali langu limepokelewa."

"Likawekwa wapi?"

"Sijui. Labda nao wana banda."

Chuma aliinama mbele, akashusha sauti, maana yake sasa alisikika mpaka dukani kwa jirani tu, si mpaka kituo cha basi. "Achaneni na dakika tatu. Tunavipakia vyote. Tunakwenda ukumbi wa mji Alhamisi, siku ya kikao. Tunavimwaga ngazini. Mwaaa! Plumbley akitaka kupita, aogelee."

Norris aliacha kukoroga. Yeye hakuwa na habari na dunia, wala bahari, wala kasa wa kwenye televisheni ambao Edna huwalilia. Alichoona ni banda tupu, sakafu ya saruji, na gari lake katikati likingoja rangi.

"Chuma," alisema, "wewe ni mtu wa maana sana. Kwa nini tunakaaga tunakudharau?"

"Ngoja kwanza," Beryl aliingilia. "Mnaenda kuacha uchafu mbele ya ukumbi wa mji? Watu watatuonaje?"

"Ndiyo maandamano yenyewe, Beryl!"

"Basi andamaneni kwa usafi."

Hilo ndilo lililowamaliza, ila siku hiyo hakuna aliyelitambua.

Alhamisi waliazima gari la muuza samaki. Norris alivaa koti lake la zamani la kazini, lile la njano linalong'aa gizani, kwa sababu kulikuwa na manyunyu na ndilo koti pekee lisilovuja. Edna hakualikwa. Alikuja hata hivyo, maana alisema vikopo ni vyake.

Walifika, Chuma akashika gunia la kwanza, akalinyanyua juu ya kichwa kama mtu anayetaka kuiangusha serikali.

"Wewe Harbhajan!" Edna alipaza sauti. "Unataka kufanya nini?"

"Nataka kumwaga, mama."

"Kumwaga! Nimeosha miaka yote hii, wewe umwage? Shusha hilo gunia. Vikopo vya mtindi upande huu. Siagi pale. Trei mzilaze, msizisimamishe, upepo utazichukua. Clifford, acha njia ya mtu wa kiti cha magurudumu."

"Edna," Norris alinong'ona, "haya ni maandamano."

"Na mimi sijakataa. Andamana, lakini usimkwaze mtu."

Basi wanaume watatu wazima wenye hasira wakapanga vikopo ngazini, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Wakili, ambaye alikuwa ameahidi kuandika bango la kumchana diwani, alilikunjua: *Samahani kwa Usumbufu.*

"Ndiyo kumchana huko?" Chuma aliuliza.

"Ni lazima uanze kwa heshima, kisheria."

"Na kumchana kuko wapi?"

"Nafasi iliisha."

Walisimama kwenye mstari, wakiwa wamelowa, wakimngoja Plumbley. Na hapo ndipo mji wa Skelby ulipofanya kile ambacho mji wa Skelby hufanya ukiona watu wamesimama kwenye mstari. Bibi mmoja mwenye kigari cha sokoni alikuja akasimama nyuma ya Chuma.

"Ni foleni ya nini hii, mpenzi?"

"Si foleni, mama. Ni maandamano."

"Sawa," alisema yule bibi, akabaki palepale.

Nyuma yake akaja mwanamume na mbwa. Nyuma ya mbwa wakaja wawili wengine. Yule bibi wa mbele aliviona vikopo vilivyopangwa, akamwona Norris na koti lake la njano, akajumlisha mwenyewe kwamba huyu ni mtu wa halmashauri. Akachomoa trei tupu ya nyama kwenye kigari chake, akaifuta kwa leso, akamkabidhi.

"Hongera kwa kazi," alisema.

Norris alifungua mdomo kumweleza ukweli. Lakini foleni ilikuwa inatazama, na mtu wa Skelby yuko radhi afe kuliko kuichelewesha foleni. Akapokea trei. Akailaza. "Asante," alisema. "Anayefuata."

"Breki, unafanya nini?" Chuma alimnguruma sikioni.

"Sijui! Mikono inapokea yenyewe!"

Plumbley alipotoka na mpiga picha wa gazeti, foleni ilikuwa imezunguka sanamu iliyo mbele ya ukumbi. Wengine walishakwenda nyumbani kuchukua makopo wakarudi kwenye nafasi zao, ambazo walilindiwa. Diwani alitazama ngazi, akatazama foleni, akatazama bango lenye adabu. Uso wake ukang'aa kuliko koti la Norris.

"Hiki," alisema, "ndicho ambacho nimekuwa nikikisema miaka yote. Msimamizi ni nani hapa?"

Foleni nzima ilimwonyesha mwenye koti.

"Diwani, samahani kidogo," Norris alianza. "Sisi tumekuja kuwaambia kwamba huduma yenu ya plastiki ni—"

"Hakuna haja ya samahani! Mmeshaonyesha kwa vitendo." Plumbley aliushika mkono wake na kuutikisa upande wa kamera. "Na mnavihifadhi wapi, bwana?"

"Kwenye banda letu la gari," Edna alijibu kwa fahari, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu wa halmashauri kumuuliza. "Mtaa wa Clough, namba tisa. Ni pakavu kabisa. Hapavuji hata tone."

Norris alimtazama mkewe kama alivyokuwa akiwatazama abiria waliobonyeza kengele baada ya kituo kupita.

Wiki iliyofuata aliingia kwa Beryl, akakaa bila kuvua kofia. Wakili alikuwa amelikunja gazeti chini ya paja lake.

"Lisome tu," Norris alisema.

"Umeshaliona?"

"Nimeona watu. Tangu Jumapili kengele haijanyamaza. Mmoja kaja na beseni la kuogeshea mtoto. Nimemwambia beseni si kikopo. Kaniambia, 'Usijali, nitaliacha tu hapa.'"

Wakili alisoma kwa sauti ndogo. "'Halmashauri Yapanua Huduma za Plastiki. Kituo rasmi cha kwanza cha vikopo chafunguliwa Mtaa wa Clough, bila gharama yoyote kwa walipa kodi.' Hapa umepiga picha na Plumbley. Umetoka vizuri."

"Nilikuwa nataka kulia."

"Haionekani. Unaonekana kama una gesi."

"Ungekataa, bwana!" Chuma alifoka. "Ungesema hapana! Neno moja tu!"

"Mbele ya foleni?"

Chuma alifikiri. Alikuwa ameishi Skelby tangu utotoni. "Hapana," alikubali. "Mbele ya foleni hapana."

"Lakini wanavichukua, si ndiyo?" Beryl aliuliza, akimwekea chai ambayo hakuiagiza. "Lori litakuja kuvibeba pale kwako?"

"Litakuja," alisema Wakili akifuata mistari kwa kidole. "Ipo hapa, ahadi ya diwani mwenyewe. 'Lori litaanza kupita Mtaa wa Clough kuanzia Aprili.'"

"Aprili ipi?"

Wakili aligeuza ukurasa, akaugeuza tena. "Haijaandikwa, kaka."

Beryl alisugua kaunta iliyokuwa safi. Halafu akainama, akatoa mfuko uliojaa makopo ya siagi ya mkahawa, akauweka mezani polepole, pembeni ya kikombe cha Norris.

"Beryl," Norris alisema. "Hata wewe?"

"Nimeyaosha, mpenzi."

Akauchukua. Akasimama, akarekebisha kofia, akatoka kwenye manyunyu na mfuko mkononi, na kikao cha meza ya dirishani kikavunjika mapema siku hiyo.

Hesabu ya mambo yote ni hii. Banda moja, limejaa mpaka mlangoni. Sebule ya mbele, kwa ajili ya vifuniko. Jumamosi zote za Norris, kwa sababu kituo rasmi lazima kiwe na saa za kufungua. Edna, ambaye sasa ni mratibu na ana beji, na humwita mumewe "msaidizi" mbele za watu. Kombe la pili kwa Plumbley. Gari moja, limeuzwa bila rangi kwa mtu wa Haddle, ambaye banda lake ni tupu. Na siku ya harusi, teksi moja iliyonuka chipsi, bibi harusi nyuma na shela lake, babu kiti cha mbele, mapajani ana trei mbili za nyama alizokabidhiwa na jirani getini wakati wanaondoka, akazipokea na kusema asante.