Bastola ya Mpini Mdogo Haimo Kwenye Orodha

Umbelina Toste,
Nyumba ya mwisho, Barabara ya Mfereji,
Bonde la Kati, Kalifornia.
9 Agosti

Kwa Mheshimiwa Mtunza Orodha ya Bastola Zinazoruhusiwa Kuuzwa,
Sacramento.
(Ni wewe, Duarte, mjukuu wangu. Usitazame nyuma kutafuta mwingine.)

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MPINI

Mheshimiwa,

Kabla ya malalamiko nianze na lawama, maana lawama ndiyo iliyotangulia kuiva. Una miguu wewe? Gari lako limeota mizizi? Mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa sikukuu ya Roho Mtakatifu. Ulikunywa supu mabakuli matatu, ukaondoka na la nne mkononi, na bakuli langu la bluu halijarudi mpaka leo. Ng'ombe wa jirani aliyevunja uzio mwezi wa tano amenitembelea mara nyingi kuliko wewe, na yeye hana leseni ya kuendesha. Unasema kazi nyingi. Kazi ipi, mtoto wa Idalina, na wewe mwenyewe uliniambia ofisi yenu siku hizi inawaruhusu kufanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya jikoni? Mimi pia nina meza ya jikoni.

Haya. Sasa nakuandikia kama raia anavyoiandikia serikali yake. Unajua sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilizisomea kwenye magunia ya chakula cha ng'ombe, kwa hiyo nikikosea usinicheke, na nikipatia uwashukuru ng'ombe.

Chanzo cha yote ni mama yako. Tangu wezi wa nyaya za shaba walipokata pampu ya jirani mchana kweupe, yeye hapati usingizi, huko huko mjini kwake. Alikuja juzi, hata mkoba hajautua, akasema: "Mama, mwisho wa Agosti. Ama bastola ndani ya nyumba hii, ama mtu ndani ya nyumba hii. Ukikosa vyote viwili unahamia kwangu, na sitaki kelele." Nikamuuliza bastola ya baba yake iko wapi. Akatazama dirisha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeipeleka polisi wiki ile ile tuliyomzika marehemu babu yako Germano. Kwake ni ghorofa ya tatu, Duarte. Kuku wangu watapanda lifti?

Basi leo asubuhi nikaenda dukani kwa bwana Teague kuchagua bastola, na hapo ndipo serikali, yaani wewe, iliponikosea kama ifuatavyo:

1. Bwana Teague alinionyesha bastola ya kisasa, ya vipande vipande. Moyo wake ni kichuma kidogo chenye namba, na hicho kichuma ndicho bastola mbele ya sheria. Mpini, mtutu na vingine vyote ni nguo tu, unavua unavalisha. Akadhani atanieleza mpaka saa ya chakula. Nilimwelewa papo hapo: ng'ombe ni namba iliyo sikioni, si kengele iliyo shingoni. Akaniwekea yenye mpini wa kati mkononi, huu wa kushoto ninaofanyia kila kitu. Nikaufumba, haukufumbika. Kidole cha kufyatulia kikabaki kinapapasa hewa. "Mkono wako ni mdogo, bibi," akasema. "Wewe ni wa mpini mdogo." Nikamwambia basi lete huo mdogo, unangoja nini? "Haiuzwi hapa. Yenye mpini mdogo haimo kwenye orodha." Moyo ni ule ule? Ule ule. Risasi ni zile zile? Zile zile. Sasa nieleze, Mheshimiwa: ng'ombe yule yule mkimvisha kengele ndogo anageuka chui? Au mnawaamini wenye mikono mikubwa peke yao? Mikono mikubwa naijua mimi. Ndiyo iliyonivunjia vikombe vyote.

2. Siku kumi za kungoja. Bwana Teague anasema ni ili mnunuzi mwenye hasira apoe. Mimi nina miaka themanini na tatu. Nilimkasirikia dada yangu Laudelina kwa sababu ya cherehani, na hasira hiyo ina miaka arobaini, bado inatoa mvuke. Siku kumi zitaifanya nini? Na kama kungoja ni dawa, mbona mmeifungia kwenye duka la bastola? Binamu yako alifunga ndoa kule Reno, mji wa ndoa za papo hapo, na msichana aliyemjua tangu kifungua kinywa. Hakuna aliyemwambia arudi baada ya siku kumi. Mimi na babu yako tulingoja miaka minne, yeye huku na ng'ombe wa watu, mimi ng'ambo ya bahari, kwetu kisiwani Terceira, na picha yake. Na mpaka leo pete yake ninayo kidoleni pamoja na yangu, kama mjane yeyote wa kwetu, nimeizungushia uzi isinidondoke kwenye ndoo. Hiyo ndiyo ndoa iliyongojewa. Naomba basi sheria ipanuliwe. Ingoje ndoa, ingoje talaka, na hasa angoje binti anayetaka kumhamisha mama yake: aseme neno lake, aonyeshe kitambulisho, arudi kwake, aje siku ya kumi tuone kama bado analitaka.

3. Mtihani wa kuruhusiwa kununua. Maswali thelathini, Duarte, kwa mwanamke ambaye hajawahi kuulizwa swali na mwalimu. Niliyasoma moja moja kwa kidole mpaka bwana Teague akazima taa za upande mmoja wa duka. Nimefaulu, na mama yako umwambie kwa sauti. Nimekosa moja tu, na hilo naligombea. Waliuliza bastola ikae wapi iwe salama zaidi, wakaniwekea majibu ya kuchagua. Jibu langu halikuwemo. Nilitaka kusema: dukani.

4. Nasikia kabla ya kuiingiza bastola kwenye orodha yenu mnaiangusha sakafuni mara kadhaa mwone kama italipuka yenyewe. Hapo nawasifu. Lakini kwa nini mnapima vyuma tu? Mimi nilikuangusha wewe, ukiwa na miezi saba, kwenye sakafu ya chumba cha maziwa. Hukulipuka. Ulicheka. Kwa kipimo chenu wewe umefaulu na unaruhusiwa kutumika nyumbani, lakini umehifadhiwa Sacramento kwenye kabati, haijulikani kwa faida ya nani.

5. Hili ndilo kubwa, na ndilo linaloniuma. Mama yako aliposikia habari ya bastola ya vipande alipiga simu, anacheka. "Si unaona, Mama? Moyo ni ule ule, ukihamishwa kwenye mpini mwingine. Na wewe ni hivyo hivyo. Utakuwa wewe yule yule kwenye nyumba yangu." Niliikata simu nikatafuta jibu jioni nzima, na ndilo hili, umpelekee kwa muhuri wa serikali: ng'ombe ukimhamisha namba yake haibadiliki, lakini maziwa yanapungua. Muulize yeyote aliyewahi kukamua. Hapa ndipo nilipozaa, hapa ndipo nilipomzika mume, na mlango wa jikoni najua kuufungua kwa goti huku mikono imejaa mayai. Kwa Idalina nitakuwa moyo wenye namba na mpini usioshikika.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, bastola yenye mpini mdogo iingizwe kwenye orodha. Ikiwa haiwezekani kuingiza mpini, ingizeni mkono wangu: mmoja, wa kushoto, wa mwaka mzuri, umetumika sana, haujawahi kumlipukia asiyestahili. Kwa kuwa sipendi kupoteza muda nimeshaandikisha ile ya mpini wa kati ili siku zianze kuhesabika, nawe huku unatengeneza orodha. Una siku kumi. Zikipita bure, mwisho wa mwezi napoteza nyumba, na usije ukasema hukuambiwa.

Nisalimie wakuu wako wote, na yule mama wa mapokezi anayeniweka kwenye muziki kila nikipiga simu. Mwambie wimbo wenyewe nimeshaukariri. Msalimie mama yako, kwa ukali. Kuku wanakusalimu, isipokuwa yule mwekundu.

Ni mimi raia wako, ninayekupenda hata kwa maandishi,

Umbelina Toste

Nyongeza, siku ya kumi.

Barua hii ilikaa chini ya kopo la sukari siku zote hizi kwa sababu stempu zilikuwa zimekwisha. Usijilaumu kwa kutojibu. Nimekulaumu mimi, inatosha.

Leo nimekwenda kuchukua bastola. Bwana Teague alinishika mkono, akaugeuza, akautazama kama daktari wa farasi. "Bibi," akasema, "huu mkono si mdogo. Hebu vua pete hizi." Akatia tone la mafuta ya kusafishia bunduki, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja pete ya babu yako ikapita kwenye kifundo, na lile furushi lake la uzi. Nikashika mpini wa kati. Vidole vikafumba sawasawa, kidole kikafika. Kumbe mpini haukuwa na kosa, na orodha yako haina kosa. Kosa lilikuwa la uzi wangu.

Lakini Duarte, pale ilipokuwa pete palikuwa peupe kama tumbo la samaki. Nikaiweka bastola mezani, nikairudisha pete. "Ni kuvua kidogo tu ukihitaji, bibi," akasema, "halafu unaivaa tena." Nikamwambia mwizi wa shaba hatanisubiri nivue pete. Na hata angesubiri, Germano simvui kwa ajili ya mwizi. Nikamwachia bastola yake, ikae pale mahali salama kuliko pote, kama nilivyotaka kujibu.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la nne. La tano libaki. Na siku kumi za kungoja zisiguswe na mtu. Ningeichukua siku ile ile, sasa hivi ningekuwa na bastola nzuri na kidole kitupu.

Mama yako alisema bastola au mtu. Bastola imeshindikana. Basi ukija, ukija Jumamosi hii, njoo na bakuli langu la bluu, uzi mweusi roli moja maana huu umelowa mafuta, hizo karatasi zako za kazi, na mswaki.