Profesa Aliyeanza Kurefuka

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku kuvuka barabara. Lakini siku alipochungulia ukumbi wa mazoezi na kuwaona wanaume kumi na mmoja wakijitazama kwenye kioo kwa huzuni, alijua riziki imemwita kwa jina.

Kesho yake alirudi na koti jeupe na boksi la barafu lililojaa vichupa.

"Dawa ya kurefusha mwili! Peptidi mbili, sindano moja," alinong'ona. "Ya kwanza inaamsha homoni ya ukuaji. Ya pili inaikataza isilale tena."

"Imejaribiwa?" aliuliza fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mfupi kuliko wote.

"Sana! Kwa panya."

"Wakawaje?"

"Paka wa mtaa mzima walihama."

Vichupa vikagombewa. Kuhusu kibali cha serikali, Profesa alieleza kwamba wakubwa wana wivu tu.

Wiki ya tatu fundi hakuwa ameongezeka urefu hata unywele, ila vidole vilikuwa vimevimba na kufa ganzi. Kutia uzi kwenye sindano kukamshinda. Mkewe, muuguzi mstaafu, akamburuta hospitali. Sukari ilikuwa imepanda. Daktari akauliza kichupani mlikuwa na nini. Fundi akatazama dari.

"Umejidunga kitu usichokijua?" mkewe alifoka njiani.

"Alivaa koti jeupe, mke wangu."

"Hata muuza nyama anavaa koti jeupe!"

Sasa, Profesa alikuwa mtanashati, na suruali zake zote zilipigwa pasi dukani kwa fundi huyohuyo. Mama huyo muuguzi akashika mkasi, akawa anazifupisha. Sentimita mbili wiki hiyo, mbili iliyofuata, kisha tatu.

Ijumaa moja Profesa aliingia dukani vifundo vya miguu vikiwa hadharani.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Unakua."

"Mimi? Mimi sijidungi! Sina wazimu!"

"Lakini vichupa unavishika kwa mikono mitupu. Huenda dawa imepenya kwenye ngozi."

Profesa akajitazama miguu. Jasho likamtoka.

"Nitakomea wapi, mama?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Watu waliopimwa walikomea wapi?"

"Hakuna aliyepimwa!"

"Madhara yake?"

"Nitajuaje? Nilinunua kwa mtu wa kwenye simu, sura yake sijawahi kuiona!"

"Na wale panya?"

"Hapakuwa na panya!"

Pazia la chumba cha kujaribia nguo likafunguka. Wanaume kumi na mmoja wa mazoezi walikuwa wamebanana humo kama njiti za kiberiti, na kila mmoja alikuwa amesikia.

Profesa alirudisha kila senti bila kuguswa. Boksi likapelekwa hospitali likachunguzwe. Vidole vya fundi vilichukua mwezi mzima kupata fahamu, na kwa mwezi huo mkewe ndiye aliyemtilia uzi, akimsema kila tundu.

Mama hakumwambia Profesa ukweli. Alimsindikiza tu hadi mlangoni, mlango mrefu ambao hata mtu aliyebeba kabati kichwani angepita, na Profesa, kwa uangalifu mkubwa, akainama.