Kufuli la Nne

Jumatatu, 3 Machi

Wameibiwa! Si mbali, ni hapa hapa, nyumba ya tatu, kwa muuza dawa. Mchana kweupe! Wamebeba televisheni, pasi na mapazia. Mapazia! Mtu anayefungua mapazia mojamoja hana haraka huyo. Mtaa huu hata ugomvi wa kuku hatukuwa nao. Nimemuwaza Mama tu. Mke wangu anashinda dukani, mimi nashinda stoo ya shule, Mama anashinda uani peke yake. Basi ulinzi naushika mimi. Mtunza stoo mwaka wa kumi na tisa, haijapotea hata chaki.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nimenunua mabuti ya mtumba, namba arobaini na sita, nikayapanga mlangoni. Mwizi akiyaona atajua humu mna mwanamume wa haja. Mama akauliza huyo mwanamume ni nani, maana mimi navaa thelathini na tisa. Upande wa pili wa ua wa miti, Redio akacheka mpaka akakohoa. Redio ni jirani yetu, mwalimu mstaafu. Jina tumempa sisi, kwa kuwa redio yake haizimwi. Kila saa nne asubuhi yeye na Mama wanavuta viti kwenye pengo la ua, wanasikiliza habari, wanabishana. Wanabishania nini kila siku, sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Mabuti yameibwa! Redio alimwona mtu akiyakwapua, akampigia kelele, mtu akaangusha moja. Jioni kaniletea, kalishika kwa mikono miwili, kanipa pole kama nimefiwa. Mama kacheka tena.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa ni ukuta. Mama kanikataza. Kasema, mwanangu, ukuta utamzuia jirani kabla haujamzuia mwizi. Nikamwambia mambo ya zamani hayo. Miti nimeikata mwenyewe. Redio akaniuliza kama na yeye ni mwizi siku hizi. Nikamjibu, si wewe mzee, ni hilo pengo lako.

Jumapili, 16 Machi

Umekwisha! Mrefu kunizidi, juu nimepanga vipande vya chupa. Getini makufuli matatu, yanafungwa kwa nje. Funguo zote kiunoni mwangu. Mke wangu kauliza Mama akitaka kutoka je. Atoke aende wapi?

Jumatano, 19 Machi

Mama haongei sana. Kiti chake kakielekeza ukutani. Na Redio naye, jeuri! Kaifungulia redio sauti ya juu kabisa ili Mama asikie. Nimekwenda kumwambia apunguze, mtaa huu una watu. Akasema sawa, kijana. Akapunguza. Sikutegemea atakubali upesi hivyo.

Ijumaa, 21 Machi

Leo niandike yote.

Simu yangu hukaa kabatini saa za kazi. Kanuni yangu mwenyewe. Saa sita naifungua, Redio kanipigia mara kumi na nne. Wezi! Nikatoka mbio. Kufuli la kwanza, la pili, la tatu ufunguo ukakataa, nikauzungusha tena ukakubali. Kuingia ndani, naona mgongo wa mwanamume, kifua wazi, damu mpaka viwikoni, kamwinamia Mama. Nikapiga yowe: mwizi! Mwizi! Wapita njia wakaingia na fimbo. Yule mtu akageuka. Redio! Namshukuru Mungu aligeuka.

Saa nne Mama alipanda kigoda asikilize habari, maana sauti ilikuwa imeshuka. Kigoda kikateleza. Redio akasikia kishindo. Akaja getini, akakuta makufuli matatu. Mtaa mtupu, watu wote kazini, hata mkewe. Akachukua ngazi, akapita juu ya chupa zangu. Mzee wa miaka sabini na moja! Shati akalichana kumfunga Mama mguu. Kutoka asingeweza, ngazi ilibaki kwake. Wakakaa chini hapo saa mbili nzima, wakinisubiri mimi.

Wale wenye fimbo wakaniuliza mwizi yuko wapi. Mama akawajibu kwamba hakuna mwizi, kuna mwanawe tu.

Jumapili, 23 Machi

Mguu umevunjika juu ya kifundo. Redio kashonwa nyuzi kumi na moja, mikono yote bandeji, redio anawashiwa na mkewe. Nimeona haya kupita mbele ya nyumba yao.

Tangu utoto naambiwa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mbona si hivyo? Asiyesikia ni mimi. Guu limevunjika la mkuu.

Nimekaa kitandani kwa Mama, nikamwomba radhi. Nikalia, niseme kweli. Akanifuta kwa upande wa kanga. Kasema mwizi hakumtia hofu hata siku moja. Kilichomtisha ni kuita jina la mtu anayemjua, akiwa hajui kama huyo mtu ataweza kufika. Nikasema Mama, nitaubomoa. Nikaenda kwa Redio, nikasema hivyo hivyo. Akanipa kiwiko nishike badala ya mkono.

Jumamosi, 29 Machi

Kuubomoa wote ni hasara, na yule mwizi wa mapazia hajakamatwa. Nimetoboa mlango mdogo, pale pale palipokuwa na pengo. Mama kaletwa na kiti chake. Redio akachungulia. Wakaanza kubishana kabla sijafagia vumbi! Sijamwona Mama akicheka hivyo tangu mabuti. Wameahidiana Jumatatu, saa nne. Mke wangu kanipikia vizuri. Nimejiona mtu mpya.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nikiwa stoo. Kabla ya kutoka nimeukagua ule mlango mdogo. Mzuri, ila ulikuwa wazi tu, kila mtu apite! Bahati nzuri nilikuwa na kufuli jipya. Nimelitia. Mama alikuwa bado amelala, sikutaka kumsumbua.

Saa nne kasoro. Nimepapasa mfukoni, ufunguo upo. Mama yuko salama. Huko kabatini simu inaita, inaita, inakatika, inaita tena. Itabidi ingoje mpaka saa sita. Kanuni ni kanuni.