Damalie na Kamera Isiyogeuza Shingo

Zimeni redio, enyi mkaao huku na ng'ambo ya mpaka! Mwenye chapati jikoni aigeuze upesi, mwenye bodaboda azime injini, mwenye ugomvi na jirani auahirishe. Maana leo yanasimuliwa makuu ya Damalie wa Buteba, Mwalimu wa Watoto wa Jumapili, Mjenzi wa Yeriko, Jemadari wa Askari wa Plastiki, aliyevuka mpaka kwa miguu yake miwili kwenda kuteka kamera.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Damalie alikuwa akitengeneza sinema ya kuta za Yeriko kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea: anamsogeza askari kidogo, anapiga picha, anamsogeza tena, anapiga tena, mpaka jeshi zima linatembea. Lakini kamera yake ya kuchomeka kwenye laptop ilikuwa na kiherehere. Mkono wake ukipita, inaukodolea macho na kuwasahau askari, kisha inawarudia kwa kubahatisha, mara wakubwa, mara wadogo. Na picha ilipoangazwa kwenye ukuta wa kanisa, Yeriko ikawa inavimba na kunywea kama chura. Watoto walicheka mpaka benchi likapinduka.

Ndipo akasimama Paddy, kiongozi wa kwaya, Simba wa Spika. "Mwalimu, huo mji wako nahema! Jumapili ijayo ukihema tena, projekta tunachukua sisi kwa video ya kwaya. Kabisa kabisa."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Basi, imebaki Jumapili moja.

Damalie akajifunga leso, akatia laptop kikapuni na askari mmoja ndani ya sidiria, akamchukua rafiki yake Loy, muuza mitumba, Upanga wa Kupatana Bei. Njiani Loy akamkumbusha sheria kuu ya mpaka: "Dada, kitu ukikipenda, kitukane. Ukikisifu umekwisha."

Wakafika kwa Mukhwana, Bwana wa Nyaya Zilizofungamana, upande wa Kenya. Naye akachomeka kamera ing'aayo kama kipara kilichopakwa mafuta.

"Madam, hii ni moto! Inakufuata yenyewe. Ukisonga, inasonga. Ukienda choo, inakungoja mlangoni!"

Damalie akamsimamisha askari mezani, akapitisha mkono. Loo! Kamera ikamtoroka askari, ikaufuata mkono. Ni adui yuleyule, kavaa nguo mpya.

Pembeni, chini ya vumbi, ilikuwapo nyingine yenye pete ya kuzungusha kwa vidole. Mukhwana akaichomeka, akataja bei yake. Damalie akazungusha pete, akapitisha mkono mara ya kwanza, mara ya pili. Askari yuko palepale, hadi nyusi zake zinahesabika. Moyo ukampiga sarakasi, lakini uso ukabaki mkavu kama muhogo wa kule Kwapa ulioanikwa kando ya lami.

"Na hii takataka?" akanguruma. "Kamera gani mpaka ishikwe shingo ndio ione? Hata ng'ombe wa Mukuju nageuka mwenyewe!"

"Iko na sura ya kizibo," Loy akamuunga mkono.

Wakaitukana kwa ufundi mkubwa hata wauzaji jirani wakaacha meza zao waje kusikiliza. Mukhwana akainama, akaichomoa.

"Haki ya Mungu, madam, umenifungua macho. Kumbe nauzia watu aibu." Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na gunia. "Buda, kuja! Beba hii."

Gunia likafunguliwa kama kaburi.

"Ngoja!" akapaza sauti Damalie.

Loy akamfinya. "Usiseme! Tutaaibika!"

Upande mmoja sheria ya mpaka, upande mwingine Yeriko. Damalie akavuta pumzi, akatamka maneno ambayo soko lile halijapata kuyasikia kwa mnunuzi:

"Mukhwana, ndugu yangu, nimekudanganya. Hiyo kamera iko nzuri. Iko nzuri kushinda zote kwa duka yako! Ile ingine naangalia kila mtu kama shangazi kwa harusi. Hii ukiiambia angalia hapa, naangalia hapa tu. Naitaka. Na bei ya kwanza uliyosema, nalipa hiyohiyo."

Mama mmoja akaangusha nyanya. Mukhwana akamaka.

"Bei ya kwanza? Madam, bei ya kwanza si ya kulipwa! Hiyo ni salamu tu!"

"Nimeitikia salamu," akasema Damalie, akalipa, akaikumbatia kamera yake. Na Loy akaketi juu ya marobota, kichwa mikononi. "Umetuaibisha Uganda mzima."

Jumapili ikawadia. Paddy aliketi mbele, flashi yenye video ya kwaya imeiva kiganjani. Askari wakauzunguka mji. Watoto wakapuliza tarumbeta za mabua ya mpapai. Na ukuta haukuvimba, haukunywea, haukutikisika hata unywele, mpaka ulipofika wakati wake, ukashuka tofali baada ya tofali, *gu, gu, gu*, kanisa zima likiruka.

Paddy akatia flashi mfukoni. "Mwalimu," akanong'ona, "hebu rudisha nyuma kidogo. Hapo ukuta naanguka."

Na ijulikane kutoka Buteba hata Tororo, na wajukuu waambiwe: siku ile ukuta ulianguka pale tu alipotaka Damalie.